Mheshimiwa Halazwi Chini

Wanafunzi wa chuo cha uuguzi walimbatiza jina la Bi Wembe, na yeye alipolisikia kwa mara ya kwanza, likinong'onwa nyuma ya mlango wa maabara, hakukasirika. Aliusukuma mlango, akaingia, akasema, "Wembe humkata anayeushika vibaya. Haya, fungueni vitabu." Tangu hapo jina likawa lake kuliko lile alilopewa na wazazi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, miwani ikimning'inia kifuani kwa kamba, na alifundisha jinsi mwili unavyofanya kazi: mapafu, figo, moyo, na zaidi ya vyote mishipa ya damu, ambayo aliipenda kama wengine wanavyopenda watoto wa ndugu zao. Mambo yaliyomchefua duniani yalikuwa mengi, ila yaliyoongoza msafara ni mawili: mjinga anayejua yote, na mjinga anayejua yote aliyepewa gari na dereva.

Kaka yake alikuwa wa aina ya pili.

Huyu aliitwa Mhandisi na kila mtu, hata mkewe, hata chumbani. Alisimamia pampu na mabomba ya mamlaka ya maji, kazi aliyoifanya vizuri, hilo hata Bi Wembe hakumnyima. Maji yalikuwa yanafika. Tatizo ni kwamba mtu akishafikisha maji kwenye bomba la jirani huanza kuamini kwamba hata mvua inanyesha kwa idhini yake. Mwaka ule mkurugenzi mkuu wa mamlaka alikuwa anastaafu, na Mhandisi alishajiona amekalia kile kiti. Alikuwa ameanza kutembea kikurugenzi, tumbo mbele, mikono nyuma, na kucheka kikurugenzi, yaani kwa kuchelewa kidogo, ili watu wajue amefikiri kwanza.

Jumapili moja alialika ndugu nyumbani kwake kwa chakula cha mchana. Bi Wembe alikaa upande wa pili wa meza, akimtazama kaka yake anavyokinyunyizia chakula chumvi kabla hajakionja, kama mtu anayemwagia bustani maji.

"Kaka, hicho chakula kimekukosea nini?"

"Nyinyi watu wa hospitali mnatisha watu bure," Mhandisi akasema, huku chumvi ikiendelea kudondoka. "Chumvi, mafuta, presha, presha, presha! Mwili ni kitu gani? Moyo ni pampu. Mishipa ni mabomba. Presha ikipanda, unafungua koki, imekwisha. Mimi nimeishi na presha tangu nitoke chuoni, dada yangu. Presha huwezi kunifundisha."

Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Mjomba mmoja, ambaye nyumba yake ilikuwa inangoja kuunganishiwa maji, akasema, "Hapo umenena, Mhandisi." Bi Wembe alimwona anavyomvisha mwenzake kilemba cha ukoka, akambetulia mdomo.

"Hebu niambie," alimwuliza kaka yake. "Bomba ukishalizika ardhini linafanya nini?"

"Linapitisha maji."

"Na keshokutwa?"

"Linapitisha maji, dada. Ndiyo maana likaitwa bomba."

"Basi mshipa si bomba. Bomba limekufa, mshipa uko hai. Ukuta wake una misuli, imeuzunguka kama mkanda kiunoni. Ikikaza, njia inakuwa nyembamba na presha inapanda. Ikilegea, njia inapanuka na presha inashuka. Tena ile midogo midogo ndiyo yenye maamuzi. Moyo unasukuma tu, haujui damu inakwenda wapi. Vile vishipa ndivyo vinavyogawa. Sasa hivi umeshiba, vimefungua kwa tumbo, vimebana kwingine. Ukikimbia vitafungua kwa miguu. Ukisikia joto vitafungua kwenye ngozi. Na ukiinuka hapo kitini damu inataka kuporomokea miguuni kwa uzito wake, lakini kabla hujanyooka magoti mishipa imeshajibana na kuirudisha juu, ubongo usikose. Isingekuwa hivyo ungekuwa unaanguka kila ukisimama kutoa hotuba. Na unavyopenda hotuba, ungekuwa umeshakwisha meno."

Meza nzima ikaangua kicheko. Hata mjomba wa maji alijisahau akacheka, kisha akaziba mdomo kwa leso. Mhandisi naye akacheka kikurugenzi, kwa kuchelewa, ila masikio yake yalikuwa yamewiva.

Asiyecheka alikuwa mkewe. Wifi huyu alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwanamke aliyezoea kumalizia sentensi zake kwa kutabasamu ili asije akaonekana amesema kitu. Walipokuwa jikoni wakiosha vyombo, alisugua sufuria moja muda mrefu kuliko ilivyochafuka, kisha akauliza, "Wifi, hivi mtu akipimwa presha akaambiwa iko juu, halafu asisikie chochote, haumwi kichwa, hana nini, si ina maana haijamdhuru?"

"Ndivyo wanavyojidanganya majuha," akajibu Bi Wembe, akifuta sahani. "Wanangoja wasikie. Watasikia siku ya kupooza. Kwani vipi, Mhandisi anataka kufungua koki?" Akacheka mwenyewe utani wake. Wifi akatabasamu, akaisuuza ile sufuria, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mapazia.

* * *

Siku ya kuzindua tangi jipya la maji ilikuwa na jua la kukaanga mayai. Tangi lenyewe lilisimama juu ya kilima kama bakuli la zege, na chini yake walijenga jukwaa, wakatandika zulia jekundu, wakafunga maturubai kwa ajili ya wakubwa na kuwaachia wadogo anga. Bi Wembe alikuja kwa sababu alialikwa kama ndugu wa karibu. Alikalishwa safu ya mbele kando ya wifi yake, na kabla hajapoa kitini alishaanza kudharau: zulia jekundu juu ya vumbi, maputo, mshereheshaji anayepiga kelele kwenye kipaza sauti kana kwamba watu wote ni viziwi, na kiti kimoja kikubwa chenye mito ya dhahabu, cha mgeni rasmi, ambaye alikuwa hajafika na wala hakuna aliyejua atafika lini.

"Kiti kile kinangoja mtu au mtawala wa kale?" alimnong'oneza wifi.

Wifi alikuwa anamtazama mumewe.

Mhandisi alisimama jukwaani wima, mikono imebana ubavuni, suti nyeusi ya pamba nzito, tai imekaza shingo mpaka mafuta yamemwagikia kwenye kola. Mtu wa itifaki alikuwa amewaambia viongozi wa mamlaka wasimame mpaka mgeni rasmi aingie. Mtu huyo wa itifaki alikuwa kijibwana chenye viatu vya kung'aa na waya sikioni, kilichokimbia huku na huko kupanga nani atangulie nani. Wote walimwita Bwana Itifaki na yeye alilipokea jina hilo kama nishani. Basi viongozi wakasimama. Wengine, wenye akili, walikuwa wanahamisha uzito mguu huu na ule, wanajikuna, wanapiga hatua moja mbele kuchungulia barabara. Mhandisi hakutikisika. Bodi nzima ilikuwa inatazama, na mkurugenzi mtarajiwa hajikuni.

"Mbona amepauka?" Bi Wembe akasema.

Wifi akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Wifi, nakuuliza. Kaka yangu amekula asubuhi?"

"Hakula. Alisema tumbo limejaa mawazo."

"Amekunywa maji?"

"Alikataa. Alisema akinywa atataka kwenda chooni, na amekwenda mara nyingi tangu asubuhi." Wifi alizidi kuukumbatia mkoba. "Kisha akaoga maji ya moto sana. Alisema joto linafungua mishipa."

Bi Wembe akamgeukia taratibu. Kauli ile ya mwisho haikuwa ya kaka yake. Ilikuwa yake mwenyewe, ya mezani, imeokotwa kama mtoto anavyookota kiberiti.

Hakupata nafasi ya kuuliza zaidi. Ving'ora vililia barabarani, mshereheshaji akapiga ukelele, watu wakainuka, na Mhandisi, aliyepaswa kupiga hatua mbele na kunyoosha mkono, akainua mguu mmoja, akaushusha palepale ulipokuwa, akatabasamu kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, akaenda chini mzimamzima kama gunia lililokatwa kamba.

Hapo sasa ndipo kila mjuzi alipojitokeza. Kuna watu ambao ukiwaomba msaada wa kusukuma gari huwaoni, ila mtu akianguka hadharani wanatoka ardhini kama kumbikumbi. "Mpeni maji!" "Msimpe maji!" "Mpigeni makofi!" "Amelishwa kitu, kiti hiki kinagombewa!" Mhandisi alikuwa ameanguka chali, na kwa kuwa alikuwa amelala, damu ilikuwa imeanza kurudi kichwani yenyewe bila ushauri wa mtu. Alifumbua macho. Alitazama turubai. Angeachwa hapo, mambo yangetulia.

Lakini Bwana Itifaki alikuwa amefika.

"Muinueni! Muinueni haraka! Mheshimiwa halazwi chini mbele ya mgeni rasmi!"

Wanaume watatu wakamkwapua, wakambeba, na kwa kuwa kiti kilichokuwa karibu ni kile chenye mito ya dhahabu, wakamkalisha humo, mgongo wima, miguu inaning'inia, mmoja anamshikilia kidevu kwa nyuma ili asipoteze hadhi. Macho ya Mhandisi yakageuka meupe. Kichwa kikaanguka. Mikono ikaanza kurukaruka mapajani kama samaki aliyetolewa majini.

"Kifafa!" akapiga kelele mtu.

"Kifafa gani, wendawazimu nyinyi!" Bi Wembe alikuwa ameshapanda jukwaa, viatu mkononi. "Mshusheni! Mlazeni chini!"

"Mama, tafadhali rudi kwenye nafasi yako," akasema Bwana Itifaki, akinyoosha mkono kumzuia. "Tunamsaidia Mheshimiwa apumue."

"Anapumua kuliko wewe. Ubongo ndio hauna damu. Damu yote iko miguuni, na nyinyi mmemsimamisha kama mshumaa ili isipande. Mlazeni!"

"Mama, kamera zipo."

"Zitampiga picha akiwa hai chini au akiwa maiti kitini. Chagua upesi."

Bwana Itifaki, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alikosa kanuni ya kufuata. Akatazama kamera, akatazama msafara wa magari uliokuwa unaegeshwa, akafungua mdomo. Bi Wembe hakungoja. Alimsukuma kwa bega, bega kavu lenye mfupa, akamshika kaka yake kwapani, na aliyekuwa anashikilia kidevu akapata akili ghafla akasaidia. Wakamlaza juu ya zulia. Kisha Bi Wembe akaiburuta miguu ya Mhandisi, akaipandisha juu ya kile kiti cha mgeni rasmi, visigino katikati ya mito ya dhahabu. Soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka, na kidole gumba kikatoka kuwasalimia wageni.

Aliilegeza ile tai. Watu husema fulani amekufa na tai shingoni, wakimaanisha mtu anayeteseka kwa ajili ya kujionyesha. Mpaka siku ile Bi Wembe hakuwahi kumwona anayekaribia kufanya hivyo kwa maana ya neno lenyewe.

Mikono ya Mhandisi ikatulia. Rangi ikaanza kurudi, kwanza midomoni, kisha mashavuni. Akafumbua macho, akamwona dada yake kwa juu.

"Mgeni rasmi ameshafika?" akauliza.

"Ameshafika," Bi Wembe akamjibu. "Umeweka miguu kwenye kiti chake."

Na kweli mgeni rasmi alikuwa amesimama pale chini ya jukwaa, mtu mnene mwenye miwani ya jua, anatazama kidole gumba. Mshereheshaji, ambaye kazi yake haikumruhusu kunyamaza hata kwenye msiba, akashika kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, Mhandisi wetu amezidiwa na furaha ya maendeleo! Makofi kwake!"

Watu wakapiga makofi. Wakapiga kwa nguvu kabisa.

* * *

Walimbeba mpaka ofisi ndogo ya mtambo, chumba chenye feni, kochi na ramani ya mabomba ukutani. Huko nje hotuba ziliendelea, utepe ukakatwa, maji yakafunguliwa. Mhandisi alijaribu kukaa mara mbili, na mara zote mbili macho yalimpotea, akarudi kulala mwenyewe bila kulazimishwa. Bi Wembe alimshika mkono kupima mapigo. Yalikuwa membamba, yanakimbia.

"Wifi," alisema bila kugeuka. "Amekunywa dawa gani?"

Wifi alikuwa amesimama karibu na mlango. "Zote," akasema.

"Zote zipi?"

"Nyamaza, mke wangu," Mhandisi akasema kutoka kwenye kochi. Ilitoka sauti nyembamba, ya mtu asiyejiweza, lakini ilimfungia mkewe mdomo kama kawaida. Na kabla Bi Wembe hajaufungua tena, mlango uligongwa, akaingia mwenyekiti wa bodi, mzee safi mwenye tabasamu la benki, na nyuma yake daktari wa bodi na kifaa chake cha kupimia presha.

Hapo ndipo Bi Wembe alipopata kisa kizima, nusu kutoka kwa mwenyekiti, nusu kwa kubahatisha. Wagombea wa ukurugenzi walikuwa wamepimwa afya. Mhandisi alipimwa, presha ikakutwa iko juu mno. Akasema alikuwa amekimbia ngazi. Bodi, kwa huruma, ikampa nafasi ya kurudia, na siku iliyopangwa ilikuwa leo, baada ya uzinduzi.

"Kwa kuwa tuko hapa na daktari yupo," mwenyekiti akasema, "tupime tu, tumalize."

"Mgonjwa aliyezirai?" Bi Wembe akauliza.

"Ni utaratibu tu, mama."

Daktari, kijana mwenye sura ya kuchoka, alimfunga Mhandisi ule mkanda mkononi, akaujaza upepo, akasikiliza. Akakunja uso. Akapima tena.

"Iko chini," akasema. "Iko chini sana. Mimi sipendi hii."

Lakini mwenyekiti alisikia sentensi ya kwanza tu. Uso wake ukachanua. "Iko chini! Si ndicho tulichotaka? Hongera sana, Mhandisi. Daktari, iandike."

Bi Wembe amefundisha kwa miaka mingi, amesahihisha mitihani ambamo figo imewekwa kichwani na wengu kwenye paja, lakini hakuwahi kusikia jambo lililomtoa pumzi namna ile. Mtu amelala kama kitambaa kilicholowa, hawezi hata kuketi, na mkubwa wake anampa hongera kwa afya njema. Na kilichomkera zaidi ni kwamba kaka yake, huko kochini, macho nusu yamefungwa, alikuwa anatabasamu.

Alikusanya maneno. Alikuwa nayo mengi, makali, yamepangana ulimini kama visu vya buchani. Hakuwahi kuyatumia, kwa sababu wifi alitoka mlangoni.

Wifi alikwenda mpaka mezani, akafungua mkoba, akatoa karatasi za vidonge, zile za kung'aa, tupu, zimetobolewa. Akazitandaza mbele ya mwenyekiti moja moja, kwa utulivu wa mtu anayepanga vijiko.

"Mume wangu ana presha," akasema. "Anayo tangu mtoto wetu wa mwisho akiwa ananyonya. Amekwenda kwa madaktari watatu kwa siri. Wa kwanza alimpa hizi, hakuzinywa. Wa pili akampa hizi, hakuzinywa. Wa tatu hizi. Zote alizificha kwenye boksi la viatu, kwa sababu alisema Mhandisi hawezi kuonekana anakunywa vidonge. Leo asubuhi amezinywa zote tatu kwa pamoja, na zaidi ya alivyoandikiwa, ili akipimwa aonekane mzima. Nilimzuia. Akaniambia mimi najua nini." Akavuta pumzi. Safari hii sentensi haikumalizika kwa tabasamu. "Sasa mnampa hongera. Akifia humu ndani mtampa hongera nyingine?"

Feni ilizunguka. Mhandisi alifumba macho yake kabisa, na hapo hakuwa amezirai.

Daktari alizichukua zile karatasi, akazisoma, na uchovu wote ukamtoka. "Gari la wagonjwa, sasa hivi," akasema. Bi Wembe naye akazisoma juu ya bega lake. Moja ilikuwa ya kulegeza misuli ya mishipa. Nyingine ya kukojoa, kupunguza maji mwilini. Ya tatu ya kuzuia ule ujumbe wa mishipa ya fahamu unaoiambia mishipa ya damu ijibane. Kila moja, kwa kiasi chake, ni dawa nzuri. Zote kwa mkupuo, juu ya tumbo tupu, baada ya maji ya moto, ndani ya suti, juani, bila kutikisa mguu! Maskini mishipa. Imeambiwa isimame lindo huku imefungwa mikono, imefungwa macho, na maji yenyewe imenyang'anywa. Hata adui asingepanga vizuri hivyo.

"Sisi bodi," mwenyekiti akasema, akirudi nyuma kuelekea mlangoni, "tutalijadili suala hili."

"Jadilini," Bi Wembe akamwambia. "Ila mlijadili mkiwa mmeketi. Kusimama kuna hatari."

* * *

Hospitali walimtundikia dripu, wakamlaza siku kadhaa, wakamwondolea dawa zote kisha wakamrudishia moja, ndogo, ya asubuhi. Ukurugenzi ulikwenda kwa naibu mmoja ambaye sifa yake kubwa ni kwamba hajawahi kuumwa, na hajawahi kuumwa kwa sababu hajawahi kupimwa. Picha ya miguu juu ya kiti chenye mito ya dhahabu ilizunguka kwenye simu za watu mji mzima, na kile kidole gumba kikawa maarufu kuliko tangi.

Siku aliyoruhusiwa kutoka, Bi Wembe alimkuta wifi kwenye benchi la korido ya wodi, mfuko wa nguo mapajani.

"Bado hasemi na wewe?"

"Hasemi. Anasema nimemvua nguo mbele ya watu."

"Alikuwa ameshajivua mwenyewe, soksi ilikuwa shahidi. Mtu mzima na digrii yake anameza vidonge kama karanga! Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la kaka yangu linazisikia zote kwa mpigo."

Wifi hakucheka. Alimtazama, na Bi Wembe akajikuta anaiweka sawa miwani yake bila sababu.

"Wifi, unajua kwa nini alikwenda kwa madaktari watatu wasiomjua, na wewe dada yake upo, unafundisha mambo hayohayo?"

"Kiburi."

"Kiburi kipo. Lakini nilimwambia, nenda kwa dada yako. Akaniambia, 'Atanicheka mbele za watu mpaka nizikwe.' Na mimi nikajitia ujasiri nikakuuliza jikoni. Ukacheka."

Muuguzi alipita na kitoroli cha dawa, magurudumu yakilia. Bi Wembe hakuwa mtu wa kuomba radhi, hakujua hata unaanzia upande gani. Alichoweza ni kunyoosha mkono na kuuchukua ule mfuko wa nguo kutoka mapajani mwa mwenzake, akaubeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

Wiki ile alikwenda nyumbani kwao na kifaa cha kupimia. Mhandisi alikuwa sebuleni, gazeti mbele ya uso. Hakumsalimu. Lakini alipomwona anafungua kile kifaa, alikunja shati mkono wa kushoto na kuunyoosha juu ya meza pembeni ya gazeti, kana kwamba mkono ule ni wa mtu mwingine aliyemwachia autunze.

"Si mimi nitakayepima," Bi Wembe akasema. "Mkeo ndiye atakayepima. Wifi, njoo."

Gazeti likashuka kidogo. "Huyu? Huyu anajua nini?"

"Leo atajua."

Akamfundisha taratibu. Mkanda ukae usawa wa moyo. Mgongo uegemee, miguu isipishane, nyayo zikanyage chini. Na kabla ya kupima, mgonjwa akae kimya kwa muda, asizungumze, asisome, asiamrishe mtu, kwa sababu mtu akiropoka au akikasirika mishipa hujibana na presha hupanda, na hapo utakuwa umepima hasira, si ugonjwa.

"Asizungumze kabisa?" wifi akauliza.

"Hata neno."

"Hii ni dharau," Mhandisi akaanza, "mimi nyumbani kwangu..."

"Shh," wifi akasema.

Alisema kwa sauti ileile ya chini. Mhandisi akamtazama mkewe, akamtazama dada yake, akatazama mkanda mkononi. Akanyamaza. Chumba kikatulia hata saa ya ukutani ikasikika, na nje kuna mtu alikuwa anafagia uwanja. Wifi alikaa mkabala naye, mikono imekunjwa, uso umetulia kama maji ya mtungini.

Tangu hapo ikawa kila asubuhi, baada ya kile kidonge. Bi Wembe alikuwa amesema dakika tano zinatosha. Alipopita tena baada ya muda, alikuta wifi amezifanya kumi. Mwezi uliofuata zilikuwa zimefika robo saa na zaidi, Mhandisi amekaa wima na mkanda wake, mdomo umefumbwa, akingoja ruhusa, huku mkewe anakunywa chai yake polepole na kutazama dirishani. Presha ilikuwa nzuri. Bi Wembe, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuona kosa akaliacha bila kulisahihisha, alivuta kiti, akamiminiwa chai, akanyamaza nao.